Kijiti ya Kasiksi

Masika mujukuu wangu,

Huku Butembo tuko bazima. Mama yako anakusalimia, kahawa imechanua, na mvua inakataza nguo kukauka. Uliniuliza kama umulipe fundi abadilishe mushale inayoonyesha mafuta ku tablo, mbele ya usukani, na ile ya moto ya moteri, maana zote mbili zinapanda ovyo ndani ya gari yako ya zamani. Usimulipe kwanza.

Wakati wa uasi, babu yako na miye tulikuwa tunaenda Beni na kamionete yetu. Mishale ile mbili ikapanda pamoja. Babu yako akasimamisha gari: "Maji inachemuka! Mafuta tu ndiyo tuko nayo mingi."

Nikaweka mukono ku kapo, kifuniko ya moteri. Haikuchoma. Nikakata kijiti, nikaiingiza ndani ya tanki ya mafuta, vile mama yangu alipimaka kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ndani ya mutungi. Ikatoka kavu, ncha tu ndiyo ililowana.

"Mwanamuke hapimake gari," akasema.

"Basi utaisukuma mpaka Beni."

Mishale mbili kudanganya kwa wakati mumoja, iko kitu zinachangia. Akatazama nyuma ya tablo: waya inayoifunga ku chuma ya gari ilikuwa na kutu. Akaikwangua na kisu, mishale zote zikashuka. Tukarudi kutafuta mafuta, mbele ya kuingia pori.

Hakunishukuru hata siku moja. Lakini tangu pale, kila asubuhi, mbele ya kuwasha moteri, alikuwa ananipatia kijiti.

Koko wako