Mapigo Mia na Themanini na Manne

Msalato, Dodoma
Jumapili, 9 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na kuku wako wameacha kutagia kwa jirani. Mimi ni mzima. Mama ni mzima, ila anatoka kwenda ofisini Mtumba kabla hakujakucha na anarudi hana hata nguvu ya kuuliza nimekula nini.

Barua hii anakuletea Paulina akishamaliza kuuza mafuta yake ya alizeti huku mjini. Najua ungependa nipige simu, lakini unanijua. Kwenye simu nabaki napumua mpaka unauliza, "Upo?"

Toka mama aolewe Desemba na kunichukua kutoka kwako, sijazoea. Baba Fulgence si mbaya, anasalimia vizuri. Ana mtoto wake wa kiume, Optatus, ana miaka kumi na saba. Miezi mitatu tunakula meza moja na maneno yetu yote ni "chumvi" na "hii hapa". Akipita koridoni anaangalia viatu vyake. Nadhani ananidharau.

Sasa nakuomba kitu, usinigombeze. Mwandikie mama kwamba mguu wako umezidi kuuma na huna wa kukusaidia, ili likizo ya Juni nihamie Mlali moja kwa moja, nimalizie shule huko. Najua ni uongo. Niliuandika kwanza kwa penseli nikaona aibu, ndipo nikaandika kwa peni.

Kingine, ile laptopu mama aliyopewa ofisini walipoletewa mpya, ndiyo ninayotungia muziki, imeharibika. Naweka mwendo mapigo tisini na mawili kwa dakika, polepole kama unavyopenda wewe. Ghafla inaruka yenyewe mpaka mia mbili. Nikirudisha inatulia kidogo, halafu inaruka tena. Hata mashine haitaki nikae hapa.

Mwanao,
Debora


Mlali
16 Machi 2025

Mwanangu Debora,

Marahaba, mama. Sisi huku tupo, mvua imetuonea huruma na alizeti inasimama vizuri.

Mguu wangu ni mzima kabisa. Jana nimekwenda nao mnadani na kurudi. Lakini kuanzia leo unauma. Nitamwandikia mama yako, niachie nipange maneno, maana yeye si mtu wa kudanganywa hovyo.

Chumba chako kipo. Nimehamisha magunia.

Kuhusu hiyo mashine mimi sijui kitu, ila hakuna kinachokimbia bila mtu wa kukikimbiza. Angalia vizuri ni nani anaichezea.

Paulina anasema umekonda. Nimemwambia akuangalie tena, huenda ni sketi.

Shangazi yako,
Evelina


Msalato
Jumapili, 6 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Pole na palizi. Nimekula, na ilikuwa ni sketi.

Ulisema kweli, kuna mtu. Kwenye kona ya programu yangu ya muziki kuna namba ndogo ambayo sijawahi kuijali. Ilikuwa moja. Nikabonyeza, ikaniambia kwa Kiingereza kwamba mwenzangu mmoja ameungana nami kupitia mtandao wa nyumbani. Nilipoiweka ile programu nilikubali kila ilichoniuliza ili imalize haraka, kumbe nilikubali na hili.

Nikaanza kuhesabu watu wa nyumba hii. Mama hawezi hata kubadilisha mlio wa simu yake. Baba Fulgence kompyuta anayo ya kazini tu, huko uwanja wa ndege unakojengwa. Anabaki Optatus, ambaye kompyuta yake ya mezani ina feni inayonguruma kama mashine ya kusaga. Siku zote nilijua anacheza magemu. Shangazi, anatengeneza singeli, ule muziki wa mbio.

Nikueleze inavyofanya kazi. Sauti haipiti kwenye huo mtandao, hakuna anayesikia siri za mwenzake. Yanayopita ni mapigo tu, ili kompyuta zote zitembee hatua moja. Na hakuna iliyo bosi. Yeyote akibadilisha mwendo, na mwingine anabadilika. Kwa hiyo nikiweka tisini na mawili, singeli yake inakuwa kama inabeba maji kichwani. Yeye akiweka mia mbili, wimbo wangu unakimbia kama umeona nyoka. Na yeye alidhani mashine yake imeharibika, maana nilimsikia ukutani, "Tena? Jamani, tena?"

Tulijua wote wawili, nadhani siku ileile. Mezani, chumvi, hii hapa. Vyumbani, vita. Tisini na mbili, mia mbili, tisini na mbili, mia mbili. Halafu akashuka mia na hamsini. Nikapanda mia. Tukawa kama watu wanaopatana bei ya nyanya.

Alhamisi akaweka mia na themanini na nne, akaacha hapo. Nilikasirika. Nikaanza kurudisha, mkono ukasimama. Mia na themanini na nne ni tisini na mbili mara mbili. Nikavuta kila noti yangu iwe ndefu mara mbili, na wimbo wangu ukatembea polepole vilevile, huku wake ukikimbia juu ya mwendo uleule. Alikuwa amekaa chini akapiga hesabu, Shangazi, kwa ajili yangu.

Nikasikia amechomoa hedifoni. Ngoma zake zikaja kupitia ukutani, na kila moja iliangukia pale ninapokanyaga. Na mimi nikachomoa. Baba Fulgence akatoka koridoni na taulo begani, akauliza, "Huu wimbo ni wa chumba gani?"

Paulina anapiga honi ya pikipiki nje, naishia hapa.

Mwanao,
Debora


Mlali
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Mwanangu,

Pasaka njema. Kwaya yetu iliimba mpaka mchungaji akatuomba tukae.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea Paulina, tukacheka. Huyo kijana mwache na mbio zake.

Nimefurahi kukuambia kwamba mambo yametengemaa. Barua ya kumpa mama yako Paulina anayo pamoja na hii. Mguu nimeueleza vizuri, mpaka mwenyewe nikausikia. Chumba nimekipaka chokaa. Nimekwenda kwa mkuu wa sekondari ya hapa, amesema nafasi ipo, nikamwambia mtoto wangu anarudi. Nimewaambia na wanakwaya.

Shangazi yako anayekusubiri,
Evelina


Msalato
Alhamisi, 8 Mei 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, naanzia palipo pagumu. Sitaki tena kuhamia Mlali. Nilipaswa kukuambia kwenye barua iliyopita. Nilijua wakati naiandika, nikakuandikia habari za kompyuta kurasa mbili na hilo nikaliruka. Haikuwa honi ya Paulina iliyonikatiza. Paulina alinisubiri robo saa.

Jumamosi mama alituletea barua yako mezani akaisoma kwa sauti. Akasema, "Debora, shangazi yako ndiye aliyekulea nikiwa kazini Dar. Kama anakuhitaji, siwezi kukuzuia. Juni utaenda." Alisema vizuri, ila barua aliikunja mara nyingi mno. Optatus akaacha kutafuna. Akabeba sahani yake akaenda chumbani.

Jioni ile namba kwenye kona ilikuwa sifuri. Jumapili sifuri. Jumatatu, Jumanne, sifuri. Mimi niliacha mwendo palepale, mia na themanini na nne, nikawa nacheza peke yangu na nafasi zote alizokuwa anazijaza ziko wazi.

Jana wakati wa chakula nikasimama. Unajua mimi sisimami hata darasani. Nikasema, "Mguu wa shangazi ni mzima. Mimi ndiye niliyemwomba aandike."

Mama akauliza, "Kwa nini?"

"Nilidhani hapa hakuna anayenitaka."

Baba Fulgence akaweka kijiko chini. "Debora, mimi nilidhani wewe ndiye usiyetutaka. Nikikusalimia unajibu kama umeitwa polisi."

Halafu Optatus, akiwa anaangalia wali, akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia. "Mimi nilidhani umeona bora urudi kijijini kuliko kusikiliza singeli."

Mama alilia kidogo, kisha akanipa adhabu ya kuosha vyombo mwezi mzima. Optatus anafuta. Hajaambiwa na mtu.

Shangazi, nimekuingiza kwenye uongo, na wewe ukaupakia chokaa. Nimeanza kuiandika hii mara nne. Nakupenda vilevile. Ukiwa na hasira niandikie hizo hasira, tafadhali usinyamaze.

Mwanao,
Debora


Mlali
1 Juni 2025

Mwanangu Debora,

Marahaba. Paulina amepita mara mbili nikamwambia sina cha kutuma. Nilikuwa nacho, kilikuwa kibaya, nimekichoma jikoni.

Na mimi nina la kwangu la kuungama. Uongo ule wewe uliuandika kwanza kwa penseli. Mimi niliuandika kwa peni tangu mwanzo, na nilifurahi. Toka kaka yangu, baba yako, atutoke, wewe ndiye uliyekuwa sauti ya nyumba hii, hata kama ni sauti ndogo. Desemba mama yako alipokuja kukuchukua nilijiambia, atarudi mwenyewe. Barua yako ya kwanza ilipofika nilijiona nimeshinda. Sasa najiuliza nilikuwa nashindana na nani, maana mama yako hakuwa na habari kama kuna mashindano. Nimempigia simu Jumatano nikamwomba radhi. Tumeongea mpaka salio likaisha, akanipigia yeye.

Likizo njoo wiki mbili, kuna alizeti ya kupiga. Uje na huyo Optatus, nimeambiwa ana mikono mirefu, na magunia hayajibebi. Siku ya kurudi mtaipanga wenyewe.

Juzi nilirudi kwa mkuu wa shule kumwambia ile nafasi ampe mwingine. Akashangaa. Akaniuliza, "Kulikoni, mtoto anaumwa?" Nikamwambia, "Hapana, ni mzima. Yuko kwao."

Nilikuwa nimeshafika barabarani ndipo nikasikia nilichosema. Nikasimama kidogo, halafu nikaendelea na safari.

Shangazi yako,
Evelina