Kadi Moja, Seva Nne

Jumatatu, 12 Mei
Chai, kisha chumba cha seva. Kiyoyozi kinanguruma. Seva nne, na moja tu ndiyo yenye kadi ya kuharakisha hesabu. Nyingine tatu zinasubiri, na picha za setilaiti za bonde lililofurika zinalala. Wakulima wa Mbwara wanataka ramani ya mahali maji yalipokwishatoka, wapande mahindi ya mlau, yale ya baada ya mafuriko, udongo ukiwa bado na unyevu. Bwana Shabani, mkuu wetu, amesema wazi: kadi isipotumiwa na seva zote kufikia Ijumaa, inakwenda Dar, na kazi yangu inaifuata. Sitaki. Napenda Kibiti.

Jumanne, 13 Mei
Nimepata njia. Seva zote tayari zinajua kuandika na kusoma diski iliyo mbali, kupitia mtandao. Basi kadi ijifanye diski. Seva inaiandikia picha, kadi inapiga hesabu, seva inasoma jibu. Hakuna jipya la kuzifundisha. Nimeandika programu hadi vidole vikauma. Sikula mchana.

Jumatano, 14 Mei
Imekubali. Nimecheka peke yangu.

Alhamisi, 15 Mei
Aibu. Bwana Shabani amekuja kutazama, kila kitu kikasimama mbele yake. Kadi haijibu. Akaangalia saa. "Kesho saa nne, Riziki." Akaondoka.

Nimetafuta kosa hadi alasiri. Foleni ya kadi imejaa barua za likizo, mihutasari ya vikao na picha za mahafali. Bi Mwanahawa wa masjala! Kila Alhamisi huhifadhi nakala za ofisi nzima, Ijumaa imkute hana deni la kazi. Ameona diski mpya kwenye kompyuta yake, tena tupu, akaijaza. Kadi ikawa inahangaika kutafuta maji ndani ya barua za likizo.

Nilimwendea na hasira zangu. Akaniwahi: "Mwanangu, hiyo diski yako ina kiburi. Toka asubuhi naipa, haisemi hata asante."

Hasira zikaisha. Kosa ni langu. Niliiacha wazi kwa mtandao mzima. Sasa ina orodha: seva zetu tu, mwingine haioni. Nakala zake nimezihamishia kwenye diski ya kweli.

Ijumaa, 16 Mei
Saa nne. Seva zote, kadi moja, haikukwama hata mara moja. Bwana Shabani alisimama mikono nyuma. "Haya. Ibaki hapahapa."

Bi Mwanahawa alipiga kigelegele mlangoni. Nimelia chooni kidogo. Furaha tu.

Jumapili, 18 Mei
Nimepeleka ramani Mbwara mwenyewe, kwa bodaboda. Mama mmoja aliitazama, akaikunja, akaenda moja kwa moja hadi kipande tulichokipaka kijani, palipokwishatoka maji. Akabonyeza udongo kwa kisigino. Ukabonyea. Akaanza kufukia mbegu. Nilikaa kando nikamtazama hadi akamaliza mstari wa kwanza.