Mimi Nahama, Akaunti Haihami

Jumamosi, 4 Juni 1977 — Kasulu

Barua ya mume wangu Makarius imefika! Nimeisoma mwenyewe, yote, sikumpelekea mtu anisomee. Amepewa nyumba ya reli huko Mpika, Zambia. Vyumba viwili na jiko la ndani. Anasema nije na mtoto wetu Esteri, pasi za treni ziko njiani, Julai tuwe kwake. Na chini kabisa: pesa zako za maharage usizitoe, shilingi zetu hazivushwi mpaka. Ziache benki. Ni zako, utajua mwenyewe namna.

Utajua mwenyewe namna. Hapo nimerudia kusoma.

Nimechukua daftari la kisomo lililobaki kurasa. Mwalimu Winifrida alituambia tuandike kila siku chochote kile, mkono usije ukabaki wa jembe tu. Basi naandika. Mtoto yuko mgongoni, amelala.

Jioni akaja shemeji Pasikali, mdogo wake Makarius. Amekwisha sikia habari. Kala ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, kasifu mchuzi, kisha ndipo akauliza akaunti namwachia nani. Nikamwambia simwachii mtu. Akacheka mpaka akapaliwa.

"Shemeji, wewe benki unaweka dole. Sasa ukiwa Zambia, hilo dole utalitia kwenye bahasha?"

Nikacheka na mimi. Alipoondoka kicheko kikaisha. Ni kweli. Nilipofungua akaunti nilikuwa sijui hata a. Walinishika dole gumba wakalichovya wino, na mpaka leo nikienda kutoa naweka dole. Pasikali anataka nimwandikishe yeye, awe ndiye mtoaji. Si mtu mbaya. Alinibebea maji nilipojifungua, wanaume wenzake wakimcheka. Ila pesa ikilala kwake inaamka na marafiki wengi.

Na zile pesa zina kazi. Mama yuko peke yake Mabamba. Kila msimu mimi ndiye huenda kumlimia. Nikiwa mbali nani atashika jembe? Pesa italipa kibarua. Ndio mkono wangu utakaobaki nyumbani.


Jumatatu, 6 Juni

Benki leo. Nimevaa kitenge cha ndoa, Esteri nimempaka mafuta mpaka anateleza.

Karani ni Bwana Abbasi, mtu wa Ujiji, Kiswahili chake kinatiririka. Changu kimejaa Kiha, nikasema polepole ili nisijikwae. Akanisikiliza. Akasema kuhama nchi si kufunga akaunti, wengi wanachanganya hapo. Ila akaunti ya dole, mwenye dole lazima asimame mbele ya karani. Kwa hiyo ama nimwandikishe mtu anitolee, ama dole litoke, sahihi iingie.

"Unajua kuandika, bibie?"

"Najua."

Sijawahi kulisema neno hilo mbele ya meza ya ofisi. Limenitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Akanipa kadi. Foleni nyuma yangu ndefu, Esteri mapajani. Nikaandika Theodosia, herufi moja moja. Kufika a ya mwisho Esteri akarusha teke — kalamu ikapanda juu kama mkia wa mbuzi. Bwana Abbasi akauliza, ndiyo yenyewe hii? Wa nyuma wananung'unika. Nikasema ndiyo. Kagonga muhuri.

Nimerudi natembea kama mke wa mkuu wa wilaya. Dole limestaafu!


Jumanne, 7 Juni

Nimeandika jina langu daftarini, nyuma ya barua, hata kwenye majivu ya jikoni. Linazidi kupendeza. T nimeivisha kofia. Ule mkia nimeufuta kabisa. Nani aweke mkia wa mbuzi kwenye jina lake.


Alhamisi, 16 Juni

Aibu tupu.

Nimekwenda kutoa nauli ya kwenda kumuaga mama. Pasikali kanisindikiza, nadhani alitaka kuona. Nikaandika sahihi yangu, ile nzuri. Bwana Abbasi akatoa kadi, akalinganisha, akatikisa kichwa. Nikaandika nyingine, nzuri zaidi. Akatikisa tena.

Akaniambia kwa sauti ya chini, wengine wasisikie: "Bibie, umeandika vizuri mno. Kwenye kadi yuko mtu mwingine."

Nikamwomba kadi mpya. Hawezi. Kadi ikishagongwa muhuri hubadilishwa na meneja, na meneja yuko safarini, atarudi mwezi ujao. Mimi nitakuwa nimeondoka. Na agizo lolote nitakaloandika kutoka Zambia litalinganishwa na ile kadi. Lisipofanana halina kazi. Akanieleza bila ukali: benki haitazami mwandiko mzuri, inatazama mwandiko uleule.

Njiani Pasikali hakucheka. Hilo limeniuma kuliko kicheko. Akasema hata wanaume wenye cheti cha kisomo wanarudishwa pale kaunta. Niandikishe yeye, mambo yaishe, niende kwa mume wangu kwa amani. Nikamwambia nitafikiri. Akanikopesha nauli bila kuombwa.


Ijumaa, 17 Juni

Nimefua nepi. Sina zaidi.


Jumapili, 19 Juni — Mabamba

Basi mpaka Kibondo, lori la mahindi mpaka hapa. Vumbi mpaka kwenye meno. Mama katusikia tukiwa bado kwenye mihogo, akapiga makofi ya salamu, mwakeye, mwakeye, kisha akaninyang'anya mtoto. Mimi sikuulizwa hata kama nimechoka.

Baada ya kula nikamweleza. Alikuwa anasuka kapu, hakuacha. Nikamchorea ile sahihi ya kwenye kadi na ile nzuri ya siku hizi. Akazitazama zote mbili. Akauliza ipi ya teke. Nikamwonyesha. Akacheka sana, akambusu Esteri mguu.

Kisha akanipa kapu nilishike. Akaniambia soko la Kibondo makapu ni mengi, na wapo wasukaji wanaomshinda. Lakini lake hata likiwa kichwani kwa mtu, limechakaa, analijua kwa mbali. Kwa sababu kidole chake cha mwisho hakikunjiki, kwa hiyo kila akizungusha, kuna pahali uzi unaparamia mwenzake.

"Zuri kila mtu analo. Langu nalijua kwa kosa lake."

Akaendelea kusuka. Halafu akanigombeza kwamba mtoto hana kofia na baridi yote hii ya Juni.

Kuhusu pesa hataki. Anasema atalima mwenyewe, asinilemee. Nikamwambia simpi sadaka, namwajiri kibarua wa shamba letu, pesa itapitia posta. Baadaye, wakati wa kulala, akauliza kama watu wa posta ya Kibondo watamjua uso. Basi amekubali.


Jumanne, 21 Juni

Nimerudi Kasulu. Naandika ile ya teke. Jamani, kuandika vibaya kwa namna ileile ni kazi! Mara mkia mfupi, mara unaangukia upande. Nimejua siri yake: nisifike polepole kwenye a. Niiendee mbio, niuachilie mkono.

Pasikali kapita, kachungulia daftari. Kasema wenzako wanasoma waendelee mbele, shemeji anasoma kurudi nyuma. Nikamwambia ngoja uone.


Alhamisi, 23 Juni

IMEPITA.

Nimeandika mbio, bila kutazama foleni. Bwana Abbasi kaitazama, kaitazama kadi. Akageuza kadi kunionyesha, ziko mbili kama mapacha. "Huyu sasa ndiye." Nikainama, nikajifanya namfunga mtoto vizuri.

Kisha akanikalisha pembeni akanieleza yote. Nayaandika hapa nisisahau. Agizo nimekwisha weka: kila mwisho wa mwezi benki itamtumia mama hawala ya posta, Kibondo. Nikipata anwani ya Mpika niwaandikie hapohapo, taarifa za akaunti zinifuate. Kitabu cha benki nisafiri nacho, nisimwachie mtu hata wa damu. Akaunti isiguswe muda mrefu italala, lakini yangu haitalala maana mama anaiamsha kila mwezi. Kwacha za huko nisidhani nitaziingiza hapa kama mahindi ghalani, kuna ruhusa yake, niulize kwanza. Na neno la mwisho — nisiweke sahihi kwenye karatasi ambayo haijaandikwa. Akalisema kama baba anavyomwambia binti anayeolewa.

Nimemrudishia Pasikali nauli yake. Hakutaka kuipokea, nikaiweka juu ya baiskeli. Akasema, haya, sasa mimi ni shemeji wa mtu mwenye sahihi. Kuna kitu usoni kwake, sikukijua ni furaha au nini.


Ijumaa, 1 Julai

Tunaondoka na basi la Kigoma. Pasikali kabeba sanduku langu kichwani, anawatangazia abiria kwamba shemeji yake anahama nchi lakini benki imekataa kumwachia. Watu wanacheka. Mmoja kauliza kama ana mdogo wake ambaye hajaolewa.

Nimelia kidogo tulipopita shamba la maharage. Kidogo tu.


Alhamisi, 7 Julai — Tunduma

Treni ya kati, Dar siku moja, sasa treni mpya. Ndefu na safi. Esteri ameharisha lakini sasa ni mzima.

Mpakani ofisa kauliza nina shilingi kiasi gani. Nikamwonyesha za chai. Akashangaa, mama unahama na hizi tu? Nikamwambia zangu ziko kwenye akaunti Kasulu. Akanitazama tena, kidogo kwa heshima. Au nimejitakia tu. Hata hivyo nimefurahi.


Jumamosi, 17 Septemba — Mpika

Muda mrefu sijaandika. Nyumba, mtoto, kujifunza Kibemba cha sokoni. Makarius amenenepa kwa mapishi yangu.

Taarifa ya kwanza kutoka benki ilifika mwezi uliopita. Juu ya bahasha: Ndugu Theodosia. Si kwa mkono wa mume, si "mke wa". Makarius aliiweka rafuni karibu na redio, kila rafiki yake anayekuja anaonyeshwa. Fundi mmoja kauliza mke wako ni karani? Makarius akajibu bado. Hilo "bado" nimelibeba wiki nzima.

Na mama amepokea hawala zote. Amepata kibarua mzuri, anasema analima vizuri kuliko mimi. Mama huyo.

Leo imekuja barua ya Pasikali. Ndani kuna karatasi nyingine, nyeupe, haina neno. Anasema nyumba ya mama inavuja na mvua ziko karibu. Mabati yanatarajiwa dukani kwa Hilali pale Kibondo, yataisha siku hiyohiyo yakifika. Barua za kwenda na kurudi zitachelewesha. Kwa hiyo niweke sahihi chini ya hiyo karatasi, nimrudishie, yeye atajaza juu kiasi kinachotakiwa.

Makarius kasoma, kaona ni jambo jema. Anasema ni ndugu yake wa tumbo moja, na nyumba inayovuja ni ya mama yangu mimi. Nikamwambia mabati nataka, na mama atayapata. Nitaiandikia benki mwenyewe leo, bei wamlipe Hilali moja kwa moja. Lakini karatasi tupu siwekei jina. Akaniuliza basi Pasikali tumjibu nini, tumwambie hatumwamini? Akaniuliza kwa upole, hilo ndilo gumu.

Pasikali alinibebea sanduku. Alinikopesha nauli. Hata sasa labda ni mvua tu anayoiwaza.

Makarius ameweka ile karatasi mezani, na kalamu juu yake. Anangoja. Esteri amelala.

Nimeishika kalamu. Nimeanzia juu kabisa ya karatasi hiyohiyo, pembeni, mstari wa kwanza: Shemeji yangu mpendwa Pasikali, salamu nyingi kutoka Mpika, sisi wote wazima. Nimemweleza habari za treni. Za kwacha. Za Esteri anavyotembea. Sasa nimefika kwa mabati na Hilali, na benki nitakayoiandikia mwenyewe. Naandika kwa mwandiko mzuri, ule wa kofia, ambao benki haiutambui. Karatasi imefika katikati na habari ninazo tele, zitashuka mpaka ukingo wa chini, pasibaki pa mtu kujaza kitu. Makarius amesogeza kiti, anasoma begani kwangu. Ameinuka, nikadhani anakwenda kufunga mlango, kumbe anaongeza taa.