Roboti Kwenye Barua Pepe za Baba

Yeoville, Johannesburg

Kaka Athumani,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, na kifua cha Mama kiwe kimetulia tangu mvua zipungue. Bado anakohoa alfajiri? Na mgongo wako je? Mimi sijambo, ila baridi ya huku inanionea. Nalala na soksi mbili mbili na bado vidole vya miguu havipati joto.

Utashangaa kuona karatasi wakati juzi tu tulizungumza kwa simu. Lakini wanijua. Ukiniuliza "Mambo vipi?" najibu "Poa," basi, maneno mengine yote yananikimbia. Ujumbe wa sauti siwezi, chumbani tunalala wanne. Kwa hiyo nimeandika, na barua nampa Mama Swabra, jirani yetu anayerudi Tanga kumwuguza mama yake. Atakupa mkononi.

Dukani kwa Mama Mdogo Zuhura siku ni ndefu. Nakunja vitenge, nawafunulia wateja, na nikiwajibu kwa Kiingereza changu cha shule wananiambia niongeze sauti. Nyumbani, watoto wake wananielewa nikisema Kiswahili, ila wananijibu kwa Kizulu, halafu wanacheka wao kwa wao. Si wabaya. Lakini kuna siku inapita sijasema sentensi nzima na mtu. Siku kama hizo huwa naikumbuka ile kafe ya intaneti uliyokuwa ukifanyia kazi, kule Ngamiani.

Unakumbuka? Ijumaa nikitoka chuoni kwa maalimu nakuja na juzuu yangu kifuani, unanikalisha juu ya kreti la soda. Kompyuta tatu, moja mbovu. Tunasubiri taa ya modemu igeuke bluu. Picha ya mtu ikifunguka inaanzia juu, nywele, paji la uso, macho, na kabla hatujaona mdomo mtandao unakata. Mimi nilidhani watu wa kwenye intaneti wana aibu kama mimi.

Na Nywila! Ukurasa ulipouliza "Umesahau nywila?" nikadhani Nywila ni msichana anayekaa humo ndani. Nikakwambia, "Mwambie sijamsahau, namsalimia." Ulicheka mpaka yule mzee aliyekuja kuchapisha barua akageuka. "Kumbe anajua kusalimia!" akasema. "Mimi hapa kila Ijumaa sipati hata shikamoo."

Halafu unafungua barua pepe za Baba, unanisomea taratibu. "Mwanangu Rukia, huku Johannesburg nipo salama." Alijua jino langu limeng'oka. Alijua nilijificha uvunguni siku ya kusoma mbele ya darasa, akaniandikia, "Ukishindwa kusema, andika." Nilikuwa na miaka saba. Na aliniandikia habari za roboti: kwamba kwenye njia panda karibu na kazini kwake amesimama roboti wa chuma, mrefu kupita nyumba yetu, akiinua mkono magari yote yanasimama, akiushusha yanakwenda. Nilimchora roboti huyo kwenye madaftari yangu yote, hata la dini.

Wiki yangu ya kwanza huku, Mama Mdogo alinituma kwa fundi cherehani. "Nyoosha tu," akasema, "ukifika roboti ya pili kata kushoto." Nilidhani kakosea, kasema "ya pili" badala ya "wa pili". Kaka, moyo ulinidunda kwa furaha. Nilikwenda nikiangalia juu, nikapita njia panda nne, sikumwona. Nikapiga simu.

"Uko wapi wewe?"

"Sijui, Mama Mdogo. Roboti bado sijamfikia."

"Hujamfikia nani? Mtoto huyu! Roboti ni taa! Taa za barabarani, si hizo hapo zinakukodolea macho!"

Nilisimama pale zikabadilika mara nyingi. Huku kila mtu huziita hivyo, hata mtoto mdogo. Mtu aliyekaa huku miaka sita, kama Baba, hawezi kuandika roboti mwenye mkono. Ataandika hivyo mtu aliyelisikia neno kwenye simu tu, naye yuko Tanga.

Fundi mwenyewe ni Papa Ilunga, Mkongo. Cherehani yake ilikuwa jirani na ya Baba. Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri wa kumwuliza kama Baba alikuwa akiandika barua pepe. Aliweka mkasi chini.

"Baba yako na ordinateri, hii kompyuta yenu? Wapi! Ata simu, ni mimi nilikuwa namutafutiaka namba. Anaongea na kaka yako kidogo tu, anakata. Alikuwa muntu wa haya, mama. Kama wewe tu."

Nilikasirika siku tatu. Nikatafuta kosa lako, sikulipata. Ulikuwa kijana tu, na ulikuwa unanifurahisha. Ila sasa sijui nimkumbuke nani. Baba alifariki kabla hajarudi, na nilichokuwa nacho chake ni zile barua tu. Nikiziondoa, anabaki mtu wa cherehani ambaye sikumjua.

Kwa hiyo nakuomba uniambie kweli. Baba alijua kwamba unaniandikia kwa jina lake? Kuna hata sentensi moja aliyokutamkia yeye mwenyewe ili nisomewe? Hata iwe "msalimie Rukia". Iandike kama alivyoisema, usiirembe. Na kama hakuna, niambie hakuna. Nitalia, kisha nitanawa uso niende dukani.

Nisalimie Mama, umbusu mkono kwa niaba yangu, na barua hii usimsomee. Msalimie Shangazi Mwanahawa aliyenifungia mizigo, mwambie kashata zilifika zimevunjika na tumezila hivyo hivyo. Wifi yangu Saumu pia, na huyo mtoto wenu ambaye sijamwona.

Na swali langu likikuwia zito, niandikie jambo jingine lolote: nani kaolewa, ukuta wa uani umeishia wapi, umekula nini jana. Ila mwishoni weka jina lako, Kaka. Kumbe ni wewe niliyekuwa nikikungoja kila Ijumaa.

Mdogo wako,
Rukia