Jiwe la Mrima juu ya mtambo wa Kache

Mbula, usipige simu. Tuko kwenye tuktuk, Kache yuko kando yangu na mamake.

Unaijua kazi yake. Chembe za alfa, zile zitokazo kwenye vitu vyenye mionzi, zikigonga kaboni hutoa nyutroni, na nyutroni hizo huwahadaa wanaosaka antinyutrino, chembe nyingine adimu kunaswa. Yeye amezipima miaka yote hii, akapata nyingi kuliko watafiti wote. Leo ndiyo alikuwa akiwaeleza wanasayansi wageni pale hotelini Diani.

Akaonyesha picha ya mtambo wake wa kuzipimia. Mamake, tuliyemketisha mbele na leso mpya, akanyoosha kidole.

"Si jiwe letu lile? La Mrima. Nilimpa asisahau kwao."

Jiwe letu lile. Kwa fahari, Mbula, ukumbi mzima ukisikia.

Profesa mmoja akauliza taratibu, "Mrima, kule kwenye mawe yenye mionzi? Basi huenda hiyo ziada yako yote ni jiwe."

Kache akaitazama picha kama ya mtu asiyemjua. Akasema, "Limekaa pale tangu siku ya kwanza."

Hakulia. Aliwashukuru watu, akakunja waya zake, akambebea mamake mkoba.

Sasa hivi mama amemuuliza, "Mbona walinyamaza? Nilisema vibaya?"

"La, mama. Walilipenda jiwe."

"Basi nitakutafutia jingine, kubwa zaidi."

Kache amesema ahsante.