Meza za Vigingi

Mume wangu mdogo Ambakisye,

Huku Mbebe tu wazima, mama yako anavuna maharage. Mimi kitini hakukaliki tangu barua yako ifike. Unasema umechoka kutengeneza meza za makumbusho za kufungua na kuunganisha, leo Dodoma, kesho Iringa, na unauliza ni lini utajenga kitu kitakachotulia mahali pamoja.

Mjukuu wangu, enzi za Mwingereza marehemu babu yako alitengeneza meza za namna hiyo kwa maonyesho ya kahawa kule Mbozi tulikokuwa tukiishi, za vigingi, bila misumari. Asubuhi ya maonyesho jirani yetu akafiwa na mkewe. Babu yako akazizunguka zile meza, akatoka nje, akarudi, kisha akaanza kung'oa vigingi.

"Bwana Shauri wa wilaya yuko njiani," nikamwambia. "Atatunyima kazi."

"Na maiti je?"

Bwana Shauri akaikuta kahawa kwenye mikeka, akanuna. Mbao zilikuwa msibani, nyingine mabenchi, nyingine jeneza.

Baada ya matanga mabenchi yakarudi kuwa meza, zikazunguka hadi Tunduma. Zile mbao za jeneza tu ndizo zilizotulia mahali pamoja.

Bibi yako