Kidege cha Bosi Kilivyotua kwa Tumbo

Shambani, Balangdalalu

Mama yangu, shikamoo, tena shikamoo. Baridi ya Tlawi inakuachia kidogo? Na goti je? Kwenye simu unasema "halo, halo" tu, ndiyo maana naandika. Mimi mzima, nimenenepa mpaka aibu. Gwandu wako pia mzima kabisa, yuko hapa anakula ugali. Kwa hiyo huyo aliyetoka mnadani akakuambia kitinda mimba wako kafa kwenye ndege, mwambie akalale.

Ila ndege kweli ilileta mambo. Ni hiki kidege cha bosi wa shamba, Gwandu alipanda na rubani kwenda Arusha kuchukua vipuri vya trekta. Sasa mama, uwanja wetu ni majani tu, na ng'ombe wa watu wanayapenda. Kawaida rubani akifika anapita chini mara moja, sisi wa jikoni tunatoka kufukuza ng'ombe, akirudi anatua. Siku hiyo wanarudi, kapita, tukafukuza. Kapita tena! Tukafukuza na mbuzi. Kapita tena, nikamgombeza Mama Bura, jirani mwenye ng'ombe: "Toa na hao kuku wako basi!" Kwenye dirisha la ndege namwona Gwandu anapunga mikono, na mimi nampungia kanga, nacheka.

Mama Bura ndiye akaangalia juu. "Kwani hii si huwa na miguu mitatu?"

Mama, mguu mmoja ulikuwa umenasa ndani! Nikakaa chini puu, mwiko mkononi. Wakazunguka, wakazunguka kumaliza mafuta, mimi nasali sala zote, mpaka ya kubariki chakula. Mwisho rubani akarudisha ndani na ile miwili, akaja kwa tumbo. Krrrrr! Vumbi tupu. Tukakimbia na ndoo za maji.

Gwandu akatoka mwenyewe, kakwaruzika kiwiko tu. Namkumbatia, ananisukuma.

"Dada, nakuonyesha tairi, wewe unanichezea ngoma?"

"Si nilijua unanisalimia!"

"Nikusalimie na machozi yote yale usoni?"

Nisalimie baba mdogo wa mashine ya kusaga, na wifi yangu mjamzito, asibebe maji.

Gwandu anakuja Jumapili umwone kwa macho yako. Kanikataza kukuambia kwamba kule juu alikuwa anaita "mama, mama" mpaka rubani akamwomba anyamaze. Basi mimi sijakuambia. Akifika mpe maziwa mgando, umshike mkono, usimwachie haraka.

Ni mimi mwanao mwenye mdomo,
Veronika